Fungu la Watu Sita

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti lako limeacha ukorofi na kuku wako wanataga. Mimi mzima. Kikohozi kilipita hapa kikanikuta na shughuli, kikaenda zake.

Umeniuliza kama ninakula. Dada, samaki huulizwa kama anaoga? Mimi niliyepika melini, nikalisha manahodha wa mataifa wakalamba sahani! Kila Jumamosi niko sokoni, na si lile kubwa lenye mboga zilizosafiri kunishinda mimi, ila hili dogo la wakulima, uwanjani nyuma ya shule. Hapa mtu anauza alicholima mwenyewe, karibu tu, bila dawa. Mimi wananiita Balozi. Boga nalipiga konzi moja, nalisikiliza, natoa hukumu, na mwenye boga hana rufaa.

Mboga za majani nachukua kwa mama mmoja aliyechaguliwa na marehemu wifi yako. Mama huyo hana mizani. Anakuuliza mko wangapi nyumbani, kisha anakufungia fungu la kuwatosha kwa kamba ya mgomba. Wifi yako alijibu siku ya kwanza, watoto kabla hawajatawanyika: sita. Hatukuulizwa tena. Na maganda hatutupi. Tunamrudishia kwenye ndoo Jumamosi inayofuata, anayafanya mbolea. Kwa hiyo nikila mboga, nakula pia maganda yangu ya mwaka jana. Uchoyo wa namna hiyo hata wewe hujaufikia.

Sasa sikia ya Jumamosi hii. Mvua ilinyesha, wateja wachache. Yule mama alipokea ndoo yangu, ambayo Jumamosi iliyopita niliisahau nyumbani, lakini hakuimwaga kama kawaida. Alinivuta nyuma ya meza, akatoa ndani yake fungu la wiki iliyopita, na chini yake la wiki ya kabla, yote yamenyauka, fundo lake mwenyewe halijaguswa.

“Balozi,” akasema polepole, “maganda yako mbona yana kamba?”

Nikamwambia wageni wangu wamekazania nyama. Hakubisha. Alichukua kamba mpya, akaniuliza kile ambacho hakuwahi kuniuliza mimi.

“Mko wangapi nyumbani?”

Nilitaka kusema sita, ulimi ukagoma. Nikajaribu kusema mmoja, nalo neno likakataa kutoka. Niliona nikilitamka hilo, nitakuwa nimemzika wifi yako mara ya pili, pale katikati ya karoti na vitunguu.

Dada, baada ya mazishi ulitaka kubaki nami, nikakurudisha kwako nikijigamba kwamba nyumba hii haikauki wageni, mabaharia wenzangu wanapishana mlangoni. Hakuna mgeni. Tangu uondoke, aliyebisha hodi ni msoma mita ya maji, nikamkaribisha chakula, akasema ana nyumba nyingi za kupitia. Jiko nawasha kwa ajili ya chai. Mkate naula nimesimama, kama mtu anayechelea kuachwa na meli. Mboga nanunua kwa sababu yule mama huniuliza habari za nyumbani, na mkononi fungu la watu sita lina uzito wake.

Basi nikausikia mdomo wangu ukisema, “Wawili. Dada yangu yuko njiani.”

Akafunga la wawili, akaongeza vitunguu vya kukukaribisha.

Unanijua, nimesema mengi duniani yasiyokuwa na miguu, wala sikuona haya. Hili moja naomba ulipatie miguu yako, hata lile goti bovu. Chumba cha uani nimekifagia. Jana nilipika nusu ya fungu, nikakaa kitini, nikala kwenye sahani. Nusu yako nimeisimamisha kwenye bilauri ya maji, lakini mboga hazina subira, unajua.

Nisalimie majirani wote, hata yule anayesema mimi mwongo. Mwambie mwaka huu ana haki kidogo. Kuku mwachie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
mpishi wa mataifa

Nikija kukupokea stendi nitakuwa na ndoo mkononi. Usinicheke, tutapitia sokoni.