Zamu ya Kiti cha Nyuma

Tarehe 2 Februari

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi, na pole tena, ingawa kati ya mimi na wewe sijui nani ampe mwenzake pole. Hujambo? Unakula? Usinidanganye, nitajua. Mimi sijambo, ila daktari bado amenifungia kitandani mpaka nijifungue. Anasema nikishuka hata ngazi tatu mtoto atatoka kabla ya siku zake. Nimekaa hapa kama vile vifurushi vyetu vya posta visivyo na anwani.

Ndiyo maana sikuja kumzika dada yangu. Wote mmenielewa, wote mmenisamehe, mimi tu ndiye sijajisamehe. Na nikuambie jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia: sijaamini. Kichwani mwangu dada bado yuko dukani kwako, anapima vitambaa vya makochi na kukugombeza kwa kupiga misumari upande. Kila mwezi wa sita mlikuja kwangu kwa pikipiki, siku mbili njiani, wewe mbele na yeye nyuma. Shemeji, njoo mwezi wa sita huu. Siombi kingine. Labda nikikuona wewe nitaamini.

Usinipigie simu. Simu ndiyo iliyoniletea ile habari, na sasa ikilia naitupa chini ya kitanda. Andika. Wenzangu wa posta wameapa barua yako haitalala kwenye gunia.

Shemeji yako wa kitandani

*

Tarehe 20 Februari

Shemeji,

Nakusalimu wewe na mumeo. Mwili wangu mzima. Nakula mkate na chai, basi, usinihoji zaidi.

Mwezi wa sita sitakuja. Pikipiki nimeifunika turubai. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuiendesha bila dada yako. Dukani tulikwenda pamoja na kurudi pamoja, mpaka siku ile moyo wake uliposimama akiwa na mkasi mkononi. Sasa naenda kazini kwa miguu.

Hao wenzangu wa chama cha pikipiki ndio hawanipi nafasi. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi wanajipanga tisa mbele ya geti langu na kupiga resi mpaka vikombe vinacheza kabatini. Jirani wa kulia amelalamika. Jirani wa kushoto ameomba kujiunga.

Jumamosi iliyopita nikasema potelea mbali, nikawasha, nikasogea hadi getini. Nyuma palikuwa pepesi mno. Nikataka kukata kona, nikangoja aegemee pamoja nami kama siku zote. Hakuegemea mtu. Nikaanguka, Shemeji, mwendo wa kobe, kwenye geti langu mwenyewe, mbele ya watu tisa waliojifanya wanatazama mawingu. Nimemwambia Nati, fundi wetu wa pikipiki, anitafutie mnunuzi.

Shemeji yako

*

Tarehe 27 Februari

Wewe Shemeji,

Leo salamu utazikuta mwisho wa barua, kwanza nikugombeze. Uuze? Uuze nini? Kile kiti cha nyuma ulikishona kwa mikono yako, ukakipanua mara mbili dada alipoanza kunenepa, na mara zote mbili ukamwambia kwamba ngozi ndiyo iliyosinyaa! Leo akikalie nani, mtu aliyeona tangazo?

Kama nyuma ni pepesi, si upakie mtu? Ukikosa mtu, pakia gunia la saruji. Wewe ni fundi, usinifanye mimi niliyelala kitandani ndiye nikufikirie. Mtoto amenipiga teke hapa, naona naye ameudhika.

Haya, hujambo? Nakusalimu sana. Kula kitu zaidi ya mkate.

Shemeji yako mwenye hasira

*

Tarehe 19 Machi

Shemeji mchokozi,

Salamu kwako na kwa huyo mpiga mateke. Umefanya nini wewe mwanamke?

Kosa langu ni kuisoma barua yako pale gereji kwa Nati, Bucha akiwa nyuma yangu. Bucha unamkumbuka, yule muuza nyama, kilo mia na kumi bila kofia. Akaninyang'anya karatasi, akasoma kwa sauti mstari wako wa saruji, akauliza, "Saruji ya nini na mimi nipo?" Kufumba na kufumbua, Mwalimu, yule mama aliye mkuu wa shule na anayetuongoza njiani kwa filimbi, amechomoa chaki mkobani na kuandika zamu kwenye mlango wa gereji. Kila Jumamosi mmoja wao anaacha pikipiki yake na kukaa nyuma yangu.

Shemeji, hakuna abiria mbaya duniani kama dereva! Bucha alianza. Kwenye kona mimi naegemea kushoto, yeye anaegemea kulia, kwa sababu haniamini. Kisha anatafuta breki kwa mguu, na breki yenyewe ni shavu la mguu wangu. Tuliingia shamba la kabichi taratibu kabisa, tukasimama katikati kama waliokuja kupalilia. Mwenye shamba akatutazama, akasema, "Karibuni." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, na Bucha akalia, na yule bwana wa watu akatuletea maji bila kuuliza.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuwa anasoma mwendo juu ya bega langu kama anaita majina darasani. "Arobaini! Arobaini na tano! Hamsini, nani kakupa ruhusa?" Nati ndiye aliyenichosha. Amenisimamisha mara nne ili asikilize injini, na mara zote nne ilikuwa nzima.

Turubai nimelikunja. Pikipiki haiuzwi, kwa sasa. Wanasema mwezi wa sita twende kwako wote, Bucha na Nati wakipokezana nyuma yangu. Nimewajibu nitaona, lakini matairi nimeshayakagua!

Shemeji yako, dereva wa Bucha

*

Tarehe 9 Aprili

Baba Mkubwa, hodi!

Amekuja! Msichana, mzima, ana sauti ya kushinda pikipiki zenu zote kumi. Mimi ni mzima pia, nimetembea mpaka dirishani na kurudi, mume wangu akinifuata na kiti nyuma nyuma. Barua yako ya kabichi nilimsomea mkunga, tukacheka mpaka akanionya juu ya nyuzi zangu.

Kwa hiyo mnakuja! Nimeanza kuhesabu siku. Bucha aje, nitaazima masufuria. Mwalimu aje, Nati aje, wote nawataka.

Ila kuna jambo moja, Shemeji. Hapo kwenye kiti cha dada usiniletee mtu. Najua ni mimi niliyesema upakie. Nilisema kwa hasira, na huko kwenu sawa, lakini hapa kwangu, nikimwona mwingine anashuka pale, sijui nitafanya nini. Njoo na kiti kitupu. Kama haiwezekani, basi niambie haiwezekani.

Shemeji yako, mama mtoto

*

Tarehe 8 Mei

Shemeji,

Hujambo? Barua ya Aprili uliipata, najua, maana nimeifuatilia posta kwa posta mpaka mlangoni kwako. Mwezi umekwisha. Mtoto anaanza kucheka. Kama nimekukosea nitukane, lakini usininyamazie. Mwenye kuninyamazia ninaye mmoja, ananitosha.

Shemeji yako

*

Tarehe 19 Mei

Shemeji wangu,

Salamu, salamu, na tena salamu! Umbusu binti yangu pande zote mbili, kisha ukae chini, maana nina mambo.

Kwanza msamaha. Barua yako haikuniudhi, ilinitisha. Uliniomba kitu kimoja na kitu hicho ndicho nilichokuwa sikiwezi. Siku mbili za barabara, kiti kitupu? Bila mtu nyuma nilikuwa sifiki hata kwa muuza mkate. Sikumwambia mtu. Nilikunja barua nikaiweka chini ya pamba za makochi, nikaendelea kupakia watu kila Jumamosi na kujiona mwongo.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita saa mbili nilikuwa juu ya pikipiki, kofia kichwani, tayari. Nikangoja. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Jirani wa kushoto akaniuliza kama nimepotea. Saa nne hakuna Bucha, hakuna Mwalimu, hakuna yeyote. Damu ikaanza kuchemka. Watu wazima tisa, wameniahidi, wameandika kwa chaki, leo wameniacha getini kama mtungi! Nikasema hawa watanitambua. Nikapiga kiki, nikaenda.

Niliwakuta wote gereji wanakunywa chai. Sikusalimu. Niliwafokea dakika tano nzima. Nikamwita Bucha mnafiki, nikamwambia Nati pikipiki yangu asiiguse tena, na Mwalimu nikamwambia aone aibu mbele ya wanafunzi wake. Wakatazamana. Kumbe Nati aliupaka mlango rangi mpya siku mbili kabla, na zamu yote ikafutika. Bucha alidhani ni siku ya Mwalimu, Mwalimu alidhani ni ya Nati, na Nati alikuwa anajisifia rangi.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu! Mlitaka nifanyeje?"

Bucha akatoka nje, akaizunguka pikipiki kama anayetafuta mtu aliyejificha. Akarudi na macho yamemtoka. "Hakuna mtu," akasema.

Ndipo nilipoelewa, Shemeji. Mimi! Nikaanza kuhesabu kona nilizopita. Saba, na ile ya darajani ambayo hata Nati anaiogopa. Nikakalia ndoo ya oili, na ilikuwa na oili. Wakapiga kelele hadi wateja wakakimbia. Mwalimu alipuliza filimbi mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo naendesha kila siku, dukani na kurudi. Sitakudanganya: nyuma bado ni pepesi, na nadhani patabaki hivyo. Ila sasa sisubiri kuegemewa.

Tarehe kumi na nne Juni tuko kwako. Pikipiki kumi, kila mtu na yake. Bucha alilia kidogo nilipomwambia kiti hakipati, kisha akauliza kuna masufuria ya ukubwa gani.

Shemeji yako, na Baba Mkubwa wa mtu

*

Tarehe 23 Juni

Shemeji wangu,

Natumaini mmefika salama wote. Hapa hatujambo. Ua ni mtupu na majirani wananiuliza kila asubuhi mtarudi lini. Mtoto hasinzii mpaka baba yake apulize filimbi, na hilo deni la Mwalimu nitalidai. Stuli aliyoivunja Bucha tumeigundisha, mwambie asirudie kuomba msamaha, ameshaomba kwa nyama.

Kuna mambo sikuweza kukuambia ulipokuwa hapa, kwa hiyo nakuandikia, ndivyo tulivyozoea.

Mlipoingia uani na honi zote zile, nilikuwa mlangoni na mtoto begani, napiga vigelegele kama kichaa. Nilifurahi, Shemeji, usidhani nilijilazimisha. Lakini wewe sikukutazama. Nilikuwa natazama nyuma ya mgongo wako. Nilikuwa namngoja dada ashuke, anyooshe magoti, aseme, "Mume wangu huyu ataniua." Wewe ukaona ninapotazama. Ukashuka, ukasogea pembeni, ukaniacha nikitazame kile kiti kwa muda nilioutaka. Wengine walikuwa wanapiga kelele. Wewe ulisimama tu, umeshika kofia yako.

Hata hivyo sikuamini. Macho yaliona, moyo ukagoma.

Sasa lile la chumba cha mbele. Nilitandika vitanda viwili. Naapa sikukusudia. Nilitandika chako, kisha nikatandika cha dirishani, kwa sababu dada hapendi joto, na nikaweka mito miwili kama anavyotaka. Sikujua nimefanya nini mpaka nilipokuletea chai asubuhi, nikakuta umelala chako, na kile cha pili kiko vilevile, hakina hata mkunjo. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukaipokea chai, ukaiweka chini, ukasema, "Shemeji, nisaidie. Shika pembe hizo mbili."

Tukalitandua lile shuka. Tukalinyoosha, tukalikunja, nikapiga hatua kuja kwako nawe ukapiga hatua kuja kwangu, ukazichukua pembe zangu mkononi. Nikarudi nikaokota mkunjo wa chini, tukakutana tena. Kila tulipokutana lilikuwa dogo zaidi. Mwisho likawa la kutosha mikono miwili, ukanipa, nikalikumbatia, nikalia mpaka mtoto akaamka, na hukuniambia ninyamaze.

Hapo ndipo nilipomzika dada yangu. Nashukuru ulikuja tukamzika pamoja.

Mdogo wake