Usingizi wa mpiga jazi

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi nzima, ile ya polepole isiyojua kukoma. Milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa, na mto Mulongwe umeanza kunguruma nyuma ya nyumba zetu. Macho yananiwasha kwa kukosa usingizi. Moyo nao, tuseme ukweli, umevunjika.

Nilikuwa nimekaa kuandika kuhusu wapiga muziki, kama kawaida yangu. Mnaonisoma hapa mnanijua: mwalimu mstaafu, bibi mwenye maneno mengi, mpenzi wa jazi tangu ujana. Mpiga gitaa anayefumba macho ninamwamini. Anayetazama wasichana huku anapiga simwamini, hata vidole vyake viwe vyepesi namna gani. Mpiga tarumbeta anayetutumua mashavu hadi mishipa ya shingo imsimame, huyo anataka tumhurumie, na mimi huruma yangu siigawi ovyo. Mpiga saksofoni nampenda kuliko wote, kwa sababu kila sauti anayoitoa ni pumzi yake mwenyewe.

Mpiga ngoma ni habari nyingine. Ukimsikia sana, ujue amekosea. Kazi yake ni kuwabeba wenzake bila kudai asante.

Niliolewa na mpiga ngoma.

Zamani, hapa Uvira, neno jazi halikuwa jina la muziki peke yake. Zile ngoma za kizungu zenye sahani za shaba na kanyagio la mguu, tuliziita jazi, na aliyekaa nyuma yake alikuwa mpiga jazi. Baba Furaha, mume wangu, alikuwa mpiga jazi wa orkesta iliyochezea baa moja karibu na bandari, miaka ile ya uhuru. Alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa wavuvi, mwenye mikono isiyotulia. Hata mezani alikuwa anapigapiga ukingo wa sahani kwa vidole huku tukingoja bugali.

Mikono hiyo bado haitulii. Ila sasa haipigi kitu. Inapapasa shuka, inavuta vifungo vya shati, inatafuta.

Hapati usingizi. Tangu risasi zilipoanza kusikika tena huko juu milimani mwaka huu, mume wangu halali usiku, halali mchana. Kwanza tulidhani ni hofu, na nani asingeogopa? Kisha tukaona kwamba anazungumzia barabara ambazo hazipo tena na kuuliza habari za watu waliokufa zamani. Milio ile ilimchukua ikamrudisha kwenye uasi wa kwanza, ule wa ujana wetu, ikamwacha huko. Mwili wake uko hapa mtaani Mulongwe pamoja nami. Yeye mwenyewe yuko miaka ile.

Daktari alinieleza bila kuficha: mzee wa umri huu asipolala, moyo wake utachoka na kusimama. Alimpa vidonge. Vidonge vikamfanya atembee akiyumba na kuanguka, tukaviacha.

Basi nimekuwa mganga wa usingizi. Mfa maji haachi kutapatapa. Nimechemsha mchaichai hadi ua wote ukanukia. Nimechemsha majani ya marakuja, yaani pasheni, akanywa kikombe kizima, akaniambia ni chai nzuri, akabaki ananitazama macho makavu. Nimempa maziwa ya moto na asali. Nimemwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Nimesali rozari mimi Mkatoliki, na yeye Mprotestanti akavumilia. Jirani yangu Mama Sifa, ambaye anauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na ana dawa ya kila kitu isipokuwa mdomo wake, alikuja na kitunguu.

"Umukatie vipande, umuwekee chini ya mutwe," akasema. "Atalala sawa mutoto."

Nikaviweka chini ya kichwa chake. Tuliamka wote wawili tunanuka mchuzi, na neno kuamka nimelitumia kwa heshima tu.

Nikajaribu na muziki. Unaweza kudhani ningeanza na hilo, lakini niliogopa kumchokoza. Nina nyimbo nyingi kwenye simu, za Waamerika na za kwetu. Nikamwekea piano peke yake, laini. Akakunja uso. Nikamwekea saksofoni ninayoipenda mimi kuliko zote, ile inayonifanya nione vema kuwa hai. Akasikiliza kidogo, kisha akaniambia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni:

"Hii ni muzuri, lakini mwimbaji iko wapi? Yuliana iko wapi?"

Hapo ndipo ninapotaka kufika, na hapo ndipo ninapoogopa kufika.

Yuliana alikuwa mwimbaji wa orkesta yao. Mimi nilikuwa msichana wa Bwegera, niliyeshushwa kutoka kwenye mashamba ya mpunga nije kusoma kwa masista hapa mjini. Masista walitukataza hata kutazama upande wa baa. Lakini hakuna sista anayeweza kuzuia upepo, na jioni upepo wa ziwa ulikuwa unaileta sauti ya Yuliana hadi kwenye ua wetu tulipokuwa tunafua. Sauti nzito kidogo, iliyochelewa kidogo nyuma ya ngoma, kama mtu asiye na haraka ya kufika kwa sababu anajua watamngoja. Nilizijua nyimbo zake zote. Ninawaambia leo, kabla sijamwonea wivu mwanamke yule, nilimpenda. Jazi niliipenda kupitia kwake.

Siku ya uhuru waliimba mchana kweupe, barabarani, na watu wote wa mji wakacheza, hata karani mmoja aliyekuwa hacheki kamwe. Hapo ndipo nilipomwona Yuliana kwa macho, na nyuma yake yule mpiga jazi mwembamba. Alikuwa hamtazami mtu mwingine. Kila mtu mjini alijua kwamba wale wawili ni wachumba.

Kisha ukaja uasi. Baa ikafungwa. Yuliana na mama yake walivuka ng'ambo pamoja na watu wengi, na mpiga jazi akabaki kwa sababu baba yake alikuwa hajiwezi, hawezi kubebwa. Walikubaliana atamfuata. Njia zikafungwa. Zilipofunguliwa, hakuna aliyejua kule ng'ambo Yuliana alielekea wapi, na hakurudi. Mpiga jazi hakugusa ngoma tena. Akajifunza useremala. Baada ya miaka akanioa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na akawa mume mwema. Simsingizii. Hakunipiga, hakunidharau, na mchele wa kwetu Bwegera aliusifu mbele ya mama yake.

Jina la Yuliana halikutajwa nyumbani mwetu hata mara moja. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Tulizaa, tukazika, tukazeeka.

Sasa nisikilizeni, maana haya hayajulikani na mtu isipokuwa mwanangu. Mnajua desturi yetu. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Mume hamwiti tena kwa jina alilobatizwa nalo. Anamwita kwa mtoto wake wa kwanza, na hiyo ndiyo heshima. Mimi naitwa Venansia. Alipokuwa ananiposa aliniita Vena, kwa kuvuta ile e. Furaha alipozaliwa nikawa Mama Furaha, naye akawa Baba Furaha, na tangu siku hiyo sikulisikia jina langu mdomoni mwake. Sikulalamika. Nani analalamikia heshima?

Lakini alipoanza kupotea, niliona jambo. Alisahau kwanza wajukuu. Kisha akasahau ndoa za watoto, kisha nyumba tuliyojenga. Alikuwa anarudi nyuma. Mimi nikapiga hesabu zangu za kijinga: akiendelea kurudi hivi, siku moja Furaha atakuwa hajazaliwa, na siku hiyo sitakuwa Mama Furaha. Nitakuwa Vena.

Nilikuwa naingoja siku hiyo. Mungu anisamehe, katikati ya ugonjwa wake nilikuwa na furaha ya siri, kama msichana aliyeambiwa atapelekewa posa.

Siku ikafika. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yakawa laini, uso wote ukawa wa yule kijana. Akafungua mdomo. Akasema, "Yuliana."

Alinipita. Alirudi nyuma, akafika mlangoni pangu, akapita bila kubisha.

Kwa siku nyingi nilikataa. Aliita, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mara moja nilimjibu kwa ukali, "Minye siko Yuliana! Minye ni bibi yako!" Akaniomba radhi, akauliza kama nimemwona Yuliana akipita. Mikono ikapapasa shuka. Hakulala.

Furaha alinipigia simu juzi kutoka Bukavu. Nikamweleza yote, hata jina. Akalia kidogo, kisha akasema:

"Mama, weye umuitikie tu. Baba iko mugonjwa. Kama ni Yuliana ndiye atamulalisha, ukuwe Yuliana."

Nikamkatia simu. Ni rahisi kwake. Yeye alipewa baba mzima, na jina lake ndilo linalotumika kuniita mimi.

Lakini jana alianguka karibu na mlango, na nilipomwinua nilisikia moyo wake unavyokwenda. Nimeishi na mpiga ngoma. Najua pigo linaloyumba.

Leo mchana, baada ya chakula ambacho hakula, nilimlaza. Mvua ilikuwa bado inapiga bati. Akaanza tena. "Yuliana, weye uko wapi? Batu banakungojea."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaondoa kitambaa kichwani, sijui kwa nini, labda kwa sababu Yuliana alikuwa haimbi amefunga kitambaa.

"Niko hapa," nikasema.

Halafu nikaimba. Sauti yangu ni ya bibi, imepasuka pembeni, lakini nyimbo zile zilikuwa zimekaa ndani yangu tangu ua wa masista. Nikachelewa kidogo nyuma ya pigo, kama alivyokuwa anachelewa yeye. Sikuwa najua kama naweza. Niliweza. Ilikuwa inaniuma na nilikuwa naiweza vizuri, na hilo nalo liliniuma.

Mikono yake ikaacha kupapasa. Kidole kimoja kikaanza kugonga ubao wa kitanda, kisha cha pili, na mara nikaona kwamba ananibeba. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuimba na yeye akanipigia. Wimbo ulipofika kwenye ile sehemu ya kurudiarudia, akatabasamu huku amefumba macho.

"Nilikungojaka sana," akasema.

Nikaendelea kuimba. Ningefanya nini? Ningesimamisha wimbo nimuulize, na mimi je, mimi nilikuwa nani jikoni kwako miaka yote hiyo? Mgonjwa hashitakiwi. Nikaimba, na machozi yakawa yanaingia mdomoni.

Alikuwa karibu kulala kabisa. Pumzi ilishakuwa nzito. Nikadhani yamekwisha, nikapandisha sauti kidogo kwa ubeti wa mwisho. Akanishika mkono. Akaninong'oneza, kwa wasiwasi wa kweli, kama mwanamume anayesikia mlango ukifunguliwa:

"Uimbe polepole. Mama Furaha asisikie. Itamuuma roho."

Nikashusha sauti.

Amelala. Ninaandika haya nimekaa kwenye kiti kando yake, na bado amelala, mdomo wazi, mikono imetulia juu ya shuka. Mvua imekata. Mama Sifa amepita dirishani kuuliza kama kitunguu kilifanya kazi, nikamwambia ndiyo.

Sijui niliyoyasikia niyaweke wapi. Nimejaribu kuyakasirikia, sijaweza. Nimejaribu kuyafurahia, nayo pia sijaweza. Mbele ya mwanamke ambaye yeye amemngoja maisha yake yote, alikuwa na hofu ya kuniumiza mimi. Hicho ni kitu gani? Ni mapenzi? Kama ni mapenzi, kwa nini nalia namna hii, na kitambaa mdomoni ili nisimwamshe?

Akiamka ataita tena. Nitaitika.