Udongo Aliokandika Baba

Njombe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kile kikohozi kimekupa nafasi ya kulala. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia bila kubisha hodi.

Bado napika kwenye jiko la shule. Asubuhi masufuria ya uji yakichemka, mvuke hujaa hadi simwoni mwenzangu, nasikia mwiko wake tu. Basi nasimama humo nikiota niko nyumbani Mbalibali, mvua inakuja kutoka upande wa mbugani, na wewe unaniita nikaanue ulezi. Kisha mtu anafungua mlango, mvuke unapanda polepole na kutokea kwenye matundu ya juu ya ukuta, na ndoto yangu inaondoka nao.

Ndiyo maana kaka Mwita aliponipigia simu nilimwelewa upesi. Anasema tangu atoe nyasi akaezeka bati, jiko lako linadondosha maji ya mvuke, na masuke ya mbegu uliyoyaning'iniza juu ya mafiga yameshika ukungu. Nyasi zilikuwa zinapitisha hewa, Mama. Bati halipitishi, na ule upenyo chini ya paa Baba aliuziba zamani kwa udongo.

Mwita anataka kuuzibua, nawe umemwambia, "Huu ukuta uko na mikono ya baba yenu. Mwenye kuuvunja anivunje mimi kwanza."

Sikucheka. Namwona Baba amesimama juu ya kigoda, akikandika kwa viganja, alama za vidole zikibaki. Namkumbuka mno, Mama. Kijiji kizima kilimcheka, eti mwanamume mwenye mji wake anakandika jiko kama mke aliyeolewa jana. Yeye akajibu tu, "Upepo wa usiku unamkohoza mama Bhoke."

Sasa unakohoa kwa sababu ya moshi na unyevu uliofungiwa humo. Mruhusu Mwita azibue, apasue na tundu juu upande wa pili. Mbegu zisogeze karibu na tundu hilo, moshi utakapopitia, zisije zikaliwa na wadudu. Udongo wenyewe usiutupe. Uloweke, ukandike nao chini ya mafiga, uwe unakaa nao karibu.

Nisalimie Mwita, mke wake anayekuchotea maji, na shangazi, aliyemcheka Baba kuliko wote.

Baba alikubali kuchekwa ili wewe upumue. Pumua, Mama.

Binti yako,
Bhoke