Nasieku Hataki Kuingia Chooni

Mtaa wa Noonkopir,
Kitengela.
18 Juni 2025

Mpendwa Tata Nyakio,

Salamu zangu zikufikie huko Saskatoon na zikukute ukiwa na nguvu. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kazini zinakushinda, na tangu hapo nimekuwa nikilifikiria goti lako kila baridi inapozidi hapa. Juni yetu unaijua: mawingu tangu asubuhi, upepo unapita chini ya mlango, nguo zinashinda kwenye kamba na hazikauki. Nikitaka kulalamika nakumbuka baridi ya huko uliko, naona haya. Mume wangu Leshan ni mzima. Bado anauza dawa za mifugo kule Kajiado mjini, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa, shangazi yangu, kuona mwandiko wangu badala ya ujumbe wa simu. Shemeji yako Muturi aliniambia anasafiri Ijumaa na atakubebea majani ya chai, nikamwomba abebe na hii. Nilijaribu kukurekodia sauti. Nilirekodi, nikajisikiliza, nikafuta. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba ahurumiwe. Kwenye karatasi naweza kunyamaza katikati ya sentensi na usijue.

Jambo lenyewe ni Nasieku. Hataki kuingia chooni.

Najua umecheka. Hata mimi ningecheka kama ungeniandikia hivyo kuhusu mtoto wa jirani. Mtoto hajafika miaka mitatu, hataki choo, ajabu iko wapi? Tulimwita Nasieku kwa sababu alizaliwa kabla ya wakati wake, na tangu siku hiyo amekuwa akichelewa kwa kila kitu: meno, kutembea, kusema. Nikadhani na hili ni lile lile, tungoje tu. Lakini Tata, hili si kuchelewa.

Mwaka jana alikuwa ameanza kuzoea poti. Kisha akaacha. Akawa anajificha nyuma ya kochi na kufanya kwenye nepi, na ukimkaribia anakupigia kelele utoke. Mwezi wa nne nikaamua nepi ziishe, kwa kuwa Januari anapaswa kuanza shule na hakuna shule itakayompokea na nepi. Nilisoma yote yanayosomwa. Nikamnunulia chupi za maua. Nikamwimbia. Nikamtolea zawadi, nikanuna, siku moja nikampiga kofi mkononi na kulia kuliko yeye.

Ndipo akaanza kuzuia. Sijui kama umewahi kuona mtoto akizuia. Anakwenda kwenye kona ya dirisha, anashika pazia kwa mikono miwili, anasimama kwa ncha za vidole na kubana miguu, jasho linamtoka. Hasemi na mtu. Tumbo lake limekuwa gumu kama kibuyu. Na mwishowe, baada ya siku nyingi, mwili unapomshinda nguvu, choo kinatoka kwa maumivu na damu kidogo, naye ananishika shingo akilia, "Mami, irudishe! Irudishe ndani!"

Nimefundisha bayolojia miaka mitatu, Tata. Naweza kukuchorea utumbo wote ubaoni bila kutazama kitabu. Mtoto wangu aliponiomba nimrudishie ndani kile kinachomuumiza, nilimpangusa jasho tu.

Tulimpeleka kliniki. Daktari ni msichana wa rika langu, mpole. Akatupa dawa ya maji ya kulainisha choo, akasema papai, akasema maji mengi, kisha akasema hana ugonjwa. "Huyu anaogopa kitu. Nyinyi ndio mnakaa naye, tafuteni ni nini." Njiani Leshan akanitania kwamba mtoto amefanana na mimi, hatoi kitu. Alikuwa anataka nicheke. Sikucheka mpaka tukafika nyumbani, na hata hapo sikucheka.

Nilikipata hicho kitu wiki iliyopita bila kukitafuta. Unajua watoto wa upande wa akina Leshan wanavyowaamkia wakubwa: mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini kwa kiganja na kumwitikia. Koko, yaani mama yake Leshan aliye Illasit, alimfundisha Nasieku hivyo, na anaamkia kila mtu, hata watu wa kusoma mita za stima. Basi nilitoka jikoni nikamkuta amesimama kwenye mlango wa choo. Hakuingia. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ndani, ametulia, anangoja kuguswa. Akangoja sana. Halafu akarudi kinyumenyume, polepole, macho yakiwa kwenye pipa la maji.

Nikamuuliza anamwamkia nani.

"Mamba," akasema. "Hajaitika. Amekasirika."

Hapa lazima nikueleze, maana wewe ulituacha tukiwa Gataka, na Gataka tulikuwa na kisima. Kwenye ploti hii ya nyumba za kupanga maji ya mfereji huja mara moja kwa wiki, na yakija yana chumvi. Kila nyumba ina pipa refu la kuyahifadhia, na kwa kuwa nyumba ni ndogo, pipa hukaa chooni, kando ya pale unapokalia. Mwaka jana mtoto wa Ouko, jirani wa chini, alipanda ndoo akachungulia pipa lao na kutumbukia kichwa mbele. Walimtoa akiwa hai, Mungu ni mwema, lakini ploti nzima ilisikia mama yake. Jioni hiyo, nikiwa bado huko chini kwa Ouko nikimfariji mwenzangu, Leshan alimchukua Nasieku, akamsimamisha mbele ya pipa letu, akamwambia ndani mna mamba anayekula watoto wanaokaribia.

Hakuniambia. Aliona ni jambo dogo. Kwao watoto huambiwa kuna fisi mahali ambapo kuna hatari, na wanakua salama.

Nilipomuuliza hakukataa. Tuligombana kwa sauti za chini, kama tunavyogombana siku hizi. Nikamwambia amemharibu mtoto. Akasema, "Niambie basi, wewe na digrii yako. Mtoto wa miaka miwili, unamweleza kuzama maji aje?" Akaongeza, "Mtoto wa Ouko hakuwa anaogopa kitu."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Tata. Kama angekuwa amekosea ningemkasirikia na kupumua. Lakini pipa lipo, maji yamo, na mimi kila siku nageuka mara ngapi kuchota unga au kufungua mlango? Huenda huyo mamba ndiye sababu bado nina mtoto.

Jumapili tulipotoka kanisani Leshan akaamua kurekebisha mwenyewe. Akamwaga maji yote, maji ya wiki nzima, akaliviringisha pipa mpaka sebuleni, akalilaza chini, akamwita Nasieku. "Njoo uone. Hakuna mamba." Akaingiza mkono, akaingiza kichwa, akapiga kelele mle ndani mpaka mwangwi ukarudi, na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya majuma, nikampenda sana mume wangu. Nasieku akaja, akainama, akachungulia hadi chini kabisa. Akaona kweli hayumo.

Akainua uso, akauliza, "Ameenda wapi?"

Leshan akanitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye. Na tulipokuwa tukitafuta jibu, Nasieku akageuka, akatazama mlango wa choo, akajijibu mwenyewe: "Ameingia shimoni."

Tangu hapo mambo yameharibika kuliko mwanzo. Zamani alikuwa akiogopa pipa tu, na unaweza kulifunika pipa. Sasa mamba yuko huru, yuko chini ya nyumba, na shimo la choo ndilo mlango wake. Nasieku haogi tena kule, namwogesha jikoni kwenye karai. Nilileta poti sebuleni, hakuikalia, kwa kuwa ilitoka kule. Anashinda kwenye kochi, miguu ameikunja chini yake ili isiguse sakafu. Nilimchorea bomba. Nikamweleza mamba ni mkubwa, bomba ni dogo, hawezi kupita. Akaitazama picha yangu kwa makini, maana ana akili huyu mtoto, akaniuliza, "Na mtoto wake?"

Mama Kisilu, anayewalea watoto wa ploti tukienda kazini, amemrudisha. Kwake pia kuna pipa. Hakunifukuza kwa ubaya. "Mwalimu, mtoto wako nampenda," akaniambia, "lakini kile anachojifanyia, akiharibikia kwangu nitakuambia nini?" Kwangu shuleni niko kwa mkataba wa bodi ya shule, siwezi kuomba likizo katikati ya muhula. Juzi nilimpeleka darasani, akakaa chini ya meza yangu amebana miguu, na wasichana wa kidato cha tatu wakawa wanachungulia wakinong'ona "woi, maskini." Mwalimu mkuu akaniita.

Basi Koko amesikia. Leshan alimpigia. Akasema kwa Kiswahili chake, bila kunilaumu hata kidogo: "Mleteni huku. Hiyo mtoto ni ya kukaa na watoto." Kisha akaona tunachelewa, akasema atakuja mwenyewe Jumamosi kumchukua. Binamu zake wa Illasit wanashinda na mbuzi, mmoja akichuchumaa wote wanachuchumaa, na hakuna anayeuliza nani amefanya nini. Daktari naye amesema si wazo baya. Kila mtu amekubali. Nimetafuta sababu ya kukataa ambayo ni ya mtoto na si yangu, sijaipata.

Yangu ninayo. Leshan alilelewa na bibi yake. Alipelekwa kwa muda mfupi, akiwa mdogo kama Nasieku, kwa sababu nzuri ambayo hakuna anayeikumbuka. Leo tukienda Illasit, mama yake humwekea kiti kizuri na kumuuliza kama barabara ilikuwa salama. Anamheshimu sana mama yake. Hajawahi kumtania. Ninapowatazama naona watu wawili wanaopendana ambao walichelewa kukutana. Nilimuuliza Koko atakaa na mtoto mpaka lini, akacheka kwa furaha, akasema, "Mpaka ashike choo." Na baadaye kidogo: "Au mpaka aolewe." Alikuwa anatania, Tata. Najua alikuwa anatania.

Jana jioni akapiga simu, Leshan akaiweka sauti ya juu ili mtoto asikie. Koko akampa habari za mbuzi, ndugu zake kama anavyowaita, wakacheka. Kisha Nasieku akauliza swali lake:

"Koko, kwenu choo kiko?"

"Iko, lakini hiyo ni ya watu wakubwa, iko mbali huko. Wewe utaenda na watoto, huko nje nje tu."

"Kuna shimo?"

"Shimo ya nini? Ni nyasi."

Nilikuwa nimekaa naye kochini, bega lake likiwa limenigusa. Nikahisi mwili wake wote ukilegea, kama kamba inavyolegea mzigo ukishushwa. "Leo?" akauliza. Koko akamwambia Jumamosi. Nasieku akateremka kochini, akatembea kwenye sakafu ile ile ambayo hakuwa ameikanyaga tangu Jumapili, akaenda kuchukua viatu vyake. Akavivaa, cha kulia kushoto. Akaenda akakaa mlangoni.

Nikamwambia Jumamosi bado iko mbali. Akasema, "Nangoja."

Hakuuliza kama mimi nitakwenda pia. Nilikaa nikisubiri aulize. Nilikuwa na jibu zuri nimeliandaa, kwamba nitakuja kila wikendi, kwamba nitamletea maandazi, na jibu hilo nimebaki nalo. Alitabasamu, Tata. Ni siku nyingi sijaona meno yake yote kwa pamoja. Nimemlea, nimemsomea, nimemzaa mapema na kumlinda kwenye sanduku la kioo la hospitali mpaka akapata pumzi, na furaha kubwa niliyoweza kumpa mwaka huu ni kumruhusu aondoke nyumbani kwangu.

Barua hii ikikufikia atakuwa ameshaenda. Ukinijibu, usiniambie kwamba watoto wote hupitia haya na yataisha. Yataisha, najua. Choo atashika, watu wote hatimaye hushika choo. Niambie tu kama mtoto aliyeondoka nyumbani akicheka hurudi akicheka. Wewe umelea wawili mbali na kwenu, na umewahi kuacha mmoja nyumbani mwaka mzima. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Nisalimie Mjomba Hiram, mwambie mpira wa hapa bado ni ule ule wa kukatisha tamaa. Mwanao Emmanuel naye mwambie amwandikie babu yake, guka anauliza habari zake. Leshan anakusalimu sana, na anasema utuombee. Mungu alichunge goti lako na barabara zako za barafu, na auchunge kila mlango wa nyumba yako.

Ni mimi mtoto wako akupendaye, hata nikiwa hivi,

Waithera