Jiwe Uliloliweka Mahali Pangu

Otim ndugu yangu,

Nikuambie mapema kwamba nakuandikia nikiwa nimekasirika, usije ukaanza kucheka.

Tangu tukuzike, mtaa wetu wa Namuwongo ni uleule. Sukari haipatikani, na viti vyangu bado vinayumba, kama ulivyopenda kuwatangazia wateja wangu. Juzi dereva wa yule afande, mkubwa wako wa polisi, alisimamisha gari mlangoni akasema, "Fundi, panda." Mke wangu akanivalisha sweta huku analia. Mimi nikamwaga gundi yote. Kumbe afande alitaka fremu tu! Watoto wake wamevunja kioo cha picha kwa mpira.

Na picha yenyewe, Otim. Kisiwa chetu. Ufuo ule, miti yote imeinama upande mmoja kwa upepo, ziwa limechafuka. Siku ile nilitapika mtumbwini mpaka ukasema samaki watanikumbuka. Kisha upepo ukachukua kofia yangu, nikaikimbiza ufuoni na shati langu jeupe, nawe ukanichora huku umekanyaga karatasi zako zisipeperuke. "Ikikauka tu ni yako," ulisema. Baadaye ukaja umenuna: bati limevuja, mvua imeifuta, umeitupa. Nami mjinga nikakununulia bia ya kukupoza!

Nikamtafuta mtu mwenye shati jeupe ufuoni. Hayupo. Pana jiwe la kahawia. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye rangi za maji nyeupe haipakwi, unaacha karatasi tupu, ukishaifunika, hairudi. Basi ulijua unachofanya.

"Otim alinipa mwenyewe," afande akasema. "Alienda huko peke yake. Nilimuuliza kama ana rafiki Mkenya, akaniapia hana hata mmoja." Akanigeukia. "Wewe fundi, kwenu wapi?"

Nikasema Tororo, upande huu wa mpaka. Unaona ulivyonifundisha vizuri?

Nikaenda kwa mkeo, nimefura. "Shemeji," akasema, "wakati ule Wakenya walikuwa wanakamatwa. Alikuwa anakuficha." Labda. Lakini wakati uleule askari wa kwenu kaskazini nao walikuwa wanachukuliwa, na rafiki kama mimi alikuwa mzigo. Ulikuwa unamficha nani, Otim? Ningekusamehe lolote kati ya hayo mawili, kama ungeniambia. Lakini ulikaa mbele yangu, ukaniona nikikuonea huruma, ukaomba bia nyingine.

Nilipotoa kioo kilichovunjika, nililowesha kidole nikaligusa lile jiwe. Rangi ikatoka kidogo. Chini yake karatasi ilikwisha kuinywa. Nikaweka kioo kipya, nikapiga misumari. Fremu imekaa upande kidogo, hiyo umeizoea.

Lala salama, mwongo wangu. Ulikufa kwa homa, kitandani kwako, na siku hizi hiyo ni bahati. Hilo sikuonei wivu. Nchi ikitulia nitarudi kisiwani. Nitatapika njia nzima, ujue, lakini nitafika. Nitasimama palepale ulipoweka jiwe, nimevaa shati jeupe. Upepo ukichukua kofia, safari hii sitaikimbiza. Nitasimama tu, mpaka yeyote anayepita na mtumbwi aone kwamba pale pana mtu.

Rafiki yako Mkenya,
Wafula