Mechi ya Mwaka Jana Imeninyang'anya Gazeti

Mpendwa Mshauri, salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na unisamehe kwa hii alama ya vidole juu ya karatasi, ni uji, binti yangu Muhiba sasa hivi ameingiza kiganja kizima ndani ya bakuli akakipiga hapa juu kisha akanitazama akacheka, na mimi sina karatasi nyingine, basi naandika nikiuzunguka mkono wake.

Mimi ni mke wa Bwana Jumbe mwenye duka dogo hapa Shauri Moyo, nilisoma kidogo tu, darasa la nne, lakini kusoma nakupenda kuliko hata kulala. Kazi yangu dukani ni kukunja magazeti makuukuu yawe vifuko vya kufungia sukari na maharagwe, na kabla sijakunja nasoma, hadithi nyingine naipata mwisho bila mwanzo, sijali, na ninalolipenda zaidi ni lile fumbo la maneno lenye vyumba vyeusi na vyeupe. Mume wangu alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za gazeti hazijui, ila kubahatisha anajua, mimi namwambia, "Chombo cha jikoni, herufi tano," yeye anahesabu kwa vidole, "Mwiko!" na nikiandika likaingia, anazunguka chumba kama aliyefunga bao. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu, Mshauri.

Sasa sikia lililonipata. Ijumaa moja wanaume wamekaa barazani pa duka wanabishana habari za mpira, na mimi ndani nakunja, nikaona habari kwamba timu yetu itacheza na timu kutoka Mombasa Jumamosi hii saa kumi, nikapaza sauti nikawasomea, wote kimya, hata Abukar muuza nyama ambaye hanyamazi akanyamaza, na kweli karatasi ilikuwa na rangi ya chai na juu imechanika, lakini iliandikwa Jumamosi hii na kesho yake ni Jumamosi, basi nikasema ndiyo hii. Wakaenda na kanzu safi, kwa miguu, jua kali, Jumbe mbele yao. Uwanjani wakamkuta mlinzi peke yake anafyeka nyasi, akawaambia, "Mechi hiyo tulishaishangilia mwaka jana, wazee."

Tangu hapo Jumbe hana raha. Abukar akipita tu anaita, "Bwana Jumbe, mwambie mkeo atusomee na Idi ya mwaka juzi, tukale pilau!" na watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Jumbe amesema basi, mimi nikunje tu nisisome, na nyumbani gazeti lisiingie. Na wiki hiyo hiyo Bi Ruqiyo, mkubwa wa chama chetu cha kina mama, akaniomba kila Alhamisi niwasomee gazeti pale holi ya mtaa wakati wenzangu wanashona, mimi niliyesoma darasa la nne, Mshauri! Nilipomwomba Jumbe ruhusa akajibu, "Gazeti limeshanitembeza, halitanitembeza tena," akageukia mizani yake. Bi Ruqiyo ananingoja, na asiponipata atatafuta mwingine.

Lakini sijakata tamaa, maana jana nilimwona Jumbe ameshika kifuko, akakigeuza, akaniuliza, "Hiki nacho kinasema nini?" halafu akajikumbuka akakijaza chumvi. Nimwendee vipi? Alhamisi hiyo naiota, na mimi ningependa, ngoja, jirani yangu Bi Batulo ananiita uani, "Mama Muhiba! Mwanao ameingia kwenye beseni langu la nguo!" nakuja Bi Batulo, nakuja, Mshauri nilitaka tu kukwambia mume wangu si mtu mbaya, yeye ni

JIBU

Mama Muhiba, barua yako imefika bila mkia, na uji umekauka salama. Kwamba mumeo si mtu mbaya nimeliona kabla hujalimaliza.

Sasa nikugombeze. Karatasi ina rangi ya chai, juu imechanika, nawe unatangaza mechi! Ulinogewa na kunyamaziwa na wanaume, mama. Kosa lako si kusoma. Ulisoma bila kuuliza gazeti ni la lini, na watu wazima wale wote nao hawakuuliza, kwa hiyo huyo Abukar anayecheka alitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Aibu ilimpata Jumbe barazani, basi iondoe hapo hapo. Wakiwa wamekaa, waombe radhi kwa sauti ile ile uliyowasomea: "Kosa ni langu, si la Bwana Jumbe." Usijitetee. Wakicheka, cheka nao.

Kisha mwombe Jumbe anunue gazeti jipya la wiki, alishike yeye. Tarehe ni namba, na mtu wa mizani namba anazijua. Kila mara usifungue mdomo mpaka yeye ametamka tarehe mbele ya watu. Hapo gazeti litakuwa la kwenu wawili, na atakayetaka kubisha abishane naye. Mpira wake usome kwanza, fumbo baadaye.

Usiende holini kwa kujificha. Hata mara moja. Mjulishe Bi Ruqiyo kwamba unaomba ruhusa, akuwekee nafasi.

Na ukishaomba radhi, kama jirani amekuazima gazeti hili, mpelekee mumeo, mwonyeshe tarehe, kisha msomee kuanzia hapa.

Bwana Jumbe, salaam. Ulitoka na kanzu safi ukavuka mitaa kwenye jua kali kwa sababu mkeo alisema. Mwanamume asiyemwamini mkewe hafiki hata kona ya kwanza. Alikosea, ameomba radhi mbele ya watu, na tarehe sasa unaishika wewe. Kina mama wanaoshona pale holini wanataka kusomewa, na wamemchagua wa nyumbani kwako. Anataka Alhamisi tu. Mjibu sasa hivi, kabla hajakunja gazeti.