Kimya cha Mizunguko ya Mwisho

Hail, Maskati
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Zakiya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Aflah, na kwamba mvua za huko Osaka zimewapa nafasi ya kuanika nguo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Bibi miguu inamsumbua kidogo, lakini ulimi mzima kabisa. Baba bado yuko Salala kikazi. Mama angekusalimu kama angejua kuwa nakuandikia.

Nakuandikia barua pepe badala ya kukupigia kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani unajibiwa jikoni. Na pia nina jambo ambalo mdomo wangu umelikataa tangu jana. Leo baada ya Magharibi Mama atampigia simu Bi Bakhita wa Sib kumwambia kuwa posa ya mwanawe, Yaqdhan, tunairudisha. Nataka uyajue yote kabla ya hapo, na siwezi kukueleza bila kuanza na wiki yangu, maana wiki yangu ndiyo iliyoniponza.

Dada, wiki gani ile! Timu yako ya besiboli ya huko Osaka ilikabana na vinara wa ligi siku tatu mfululizo, na mechi za jioni za kwenu zinaangukia saa yetu ya chakula cha mchana. Kila siku nilitoka ofisini Rusayl nikajifungia ndani ya gari, AC inavuma, simu nimeisimamisha kwenye usukani, sambusa mkononi. Noof, mwenzangu wa ofisini, siku ya kwanza aliingia kwa kunionea huruma tu. Akauliza besiboli ni mchezo gani huu, watu wamesimama uwanjani kama wanangoja teksi. Nikamweleza kwamba yule mrushaji hakusimama bure, anafikiri, na mpigaji naye anafikiri mwenziwe anafikiri nini, na hapo ndipo utamu ulipo. Noof akasema basi mchezo umenipata hasa, kwa sababu mimi nami naweza kukaa kikao kizima watu wakadhani nimelala. Lakini siku ya tatu, mpigaji wenu alipoupeleka mpira mpaka kwenye viti vya mashabiki, Noof ndiye aliyepiga honi, na mlinzi wa geti akaja mbio akidhani tumegonga mtu.

Ijumaa yakaingia magari ya mbio. Mazoezi tu, lakini nilikaa mbele ya televisheni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Bibi alikaa nami. Ana gari lake analolishangilia, lile la kijani, kwa hoja kwamba dereva wake akivua kofia anaonekana mtoto wa watu ambaye hajala akashiba. Gari la kijani likienda kubadilishwa matairi, Bibi huwaombea dua wale mafundi wote, wasijibane vidole.

Jumamosi asubuhi akaja Rawan, dada yake Yaqdhan, kuazima sufuria ya biriani. Wewe unajua maana ya mtu kuja Hail kuazima sufuria kutoka Sib, akayapita maduka yote ya sufuria yaliyoko njiani. Alikuja kunitazama. Na alinikuta nimekaa chini, nywele timtim, naipigia kelele timu yako. Nilimwambia aniwie radhi, vituo vyote vimejaa wakimbiaji, siwezi kuinuka. Nilidhani ataondoka na sufuria na habari mbaya. Kumbe alikaa, na kabla mechi haijakwisha alikuwa anauliza kwa hasira kwa nini yule wa pili hakukimbia. Kisha, katika kucheka, akaniambia kwamba mama yao alipomuuliza Yaqdhan anataka mke wa namna gani, alisema anataka mtu mwenye jambo lake mwenyewe analolipenda, kwa sababu yeye anaweza kuimaliza Ijumaa nzima akifungua pampu kuukuu ya maji, na hataki kuulizwa ameona nini ndani yake. Nilicheka na Rawan. Lakini alipoondoka, siku nzima nikawa naiona hiyo pampu.

Wageni wenyewe walikuja jana, Jumapili, baada ya alasiri, saa ileile ya mbio. Mama alizima televisheni kwa mkono wake na kuificha rimoti. Mimi nikafanya ujinga. Nilitia kisikilizi kimoja sikioni, kile kidogo kisicho na waya, nikakifunika kwa mtandio, nikaingia sebuleni na dele la kahawa huku mtangazaji wa Kiarabu anapiga mayowe ndani ya kichwa changu. Dereva wangu alikuwa wa pili na pengo linapungua kila mzunguko! Nilimimina kahawa kwa mikono iliyotulia, Dada, ungejivunia mimi. Bi Bakhita alisifu halua, Bibi akasifu subira ya wajukuu wake, jambo ambalo sijapata kulisikia. Kisha Bi Bakhita akanigeukia mimi, mbele ya wanawake wote, akaniuliza kama namridhia mwanawe.

Niliinamisha kichwa. Sikusema neno.

Na unajua kwetu kimya cha mwari kinahesabiwaje. Bibi, aliyewaona waposaji watatu wakirudishwa kabla ya huyu, hakungoja nibadilishe nia. Alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika uwanja wa ndege. Wakanikumbatia, wakanitia udi, sinia ya halua ikazunguka mara ya pili.

Wageni walipoondoka nilivua mtandio jikoni, na kisikilizi kikaanguka mbele ya miguu ya Mama. Akakiokota, akakitazama, akaniuliza kilikuwa sikioni tangu lini. Nikasema tangu mwanzo. Akaniuliza basi lile swali nililisikia au sikulisikia. Nikasema sikulisikia, ilikuwa mizunguko ya mwisho, nimeinama kusikiliza. Mama aliketi juu ya gunia la mchele. Bibi alisema, “Mimi nnajua kasikia, nimemwona mikono ilivyosita alipoulizwa.” Mama akamjibu kwamba mtu haozwi kwa kutazamwa mikono, na ridhaa ya asiyesikia si ridhaa mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Alisema afadhali yeye aaibike kwa simu moja kuliko mimi niolewe kwa sababu ya magari. Unamjua Mama. Hapo hakuna wa kumrudisha.

Sasa sikiliza, Dada, maana hili sijamwambia mtu.

Kisikilizi kilikuwa kimekwisha chaji. Kilinizimikia nikiwa bado namimina kahawa, na mbio zilimalizikaje nimeambiwa na Noof leo ofisini. Nilisikia kila neno. Nilimsikia Bi Bakhita akisema kwamba mwanawe amemwagiza asimuulize mama wala bibi, aniulize mimi, na kwamba nikisema hapana tutaendelea kusalimiana kama jana. Wale watatu wa mwanzo hakuna aliyeniachia nafasi ya kusema hapana, ilinibidi niitafute mwenyewe. Huyu alinipa mkononi. Nikaitafuta hiyo hapana ndani yangu kote na sikuiona. Nilipotaka kusema ndiyo, sauti haikutoka. Basi nikanyamaza kama walivyonyamaza wanawake wa nyumba yetu, na nilikusudia.

Utaniuliza kwa nini nilimdanganya Mama. Kwa sababu kusema nilisikia ni kusema namtaka, palepale, kwenye vyombo vichafu, mimi niliyekucheka wewe ulipokuwa ukitabasamu peke yako kwa ajili ya Aflah. Magari yalikuwa karibu na ulimi zaidi.

Nilianza barua hii nikitaka kukuomba umpigie Mama wewe, umweleze. Nimefika hapa na nimebadili nia. Ukinisemea wewe, itakuwa tena mtu mwingine amenijibia, na swali niliulizwa mimi. Adhana inasomwa. Mama akishasali atachukua simu yake. Namwendea kwenye msala.

Nisalimie sana shemeji. Bibi anauliza mnakuja lini na kama huko mnapata muhogo. Uniombee dua hivi sasa, hata kama umeshalala, ukiamka uniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Bashayer

Nyongeza: Nimemwambia. Ameniambia nirudie, kwa sauti, mbele ya Bibi. Nimerudia.